Unaacha kazi, na nenosiri la ofisi bado linafungua

Swali: Mimi ni karani katika kampuni inayonunua asali hapa Tabora, naacha kazi mwisho wa mwezi. Orodha ya wafugaji nyuki, simu zao na namba za malipo, ipo kwenye kompyuta yangu binafsi iliyounganishwa na Google Drive (hifadhi ya mafaili mtandaoni) ya ofisi. Mwajiri ananizungusha malipo ya likizo. Niishikilie mpaka anilipe, au niifute tu?

Jibu: Ndugu, usiishikilie, na kuifuta subiri kwanza, maana hapo ndipo wengi wanaponaswa. Folda iliyounganishwa na Drive ukiifuta kwako inaweza kufutika na ofisini, na ikikaa siku 30 kwenye kapu la taka inapotea kabisa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kufuta data ya mtu bila haki. Faini haipungui shilingi milioni 10, kifungo hakipungui miaka 3, au vyote viwili. Ukiwa unadaiana na mwajiri, nani ataamini kwamba ulikuwa unasafisha kompyuta tu?

Anza na makabidhiano ya maandishi: taja kila faili, hamisha umiliki wa zile ulizozitengeneza wewe, mwajiri apokee kwa sahihi na tarehe. Kisha ondoa akaunti ya ofisi kwenye kompyuta. Hapo ndipo ufute nakala iliyobaki, kwa kibali chake. Fanya hivyo na kwenye simu, kwani huendelea kuvuta barua pepe bila wewe kuigusa. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya kazi, teua msimamizi mwingine kabla hujatoka.

Nenosiri kuendelea kufungua si ruhusa. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo ya makosa ya mtandao kinamgusa anayeendelea kutumia mfumo baada ya muda wake kwisha, na mfumo huweka kumbukumbu ya saa uliyoingia.

Orodha yenyewe ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wafugaji walizitoa ili walipwe na kampuni hiyo. Kumpelekea mnunuzi mwingine kule Sikonge ni kosa jingine kabisa. Ujuzi wako wa kutambua asali nzuri ni wako, nenda nao.

Malipo ya likizo yadai kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Mkataba, hati za mshahara na barua zako za kuomba likizo, omba nakala sasa ukiwa bado kazini.