Jibu: Kwa nini maji hayajai saa ileile?

Ndugu yangu, unauliza imekuwaje wiki iliyopita saa nne asubuhi ngalawa za hapa Bagamoyo zilielea, na leo saa hiyohiyo zimelala ubavu mchangani. Ni mwezi huo wa angani, ndio unaovuta maji. Dunia ikijizungusha mara moja, mwezi nao umeshasogea kwenye njia yake, hivyo tunahitaji dakika 50 hivi zaidi kuufikia tena. Zidisha kwa siku saba: karibu saa sita, yaani kujaa kumegeuka kupwa.

Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, ni habari nyingine. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja. Jua kubwa lile, lakini kwa umbali wake mchango wake kwenye maji haufiki nusu ya ule wa mwezi!