Sauti ya WhatsApp inagoma kuingia Premiere

Mkuu, umeuliza kwa nini voisi ya WhatsApp inagoma kuingia Premiere Pro, ile programu ya kuedit video. Faili lako halijaharibika, hiyo voisi imerekodiwa kwa kodeki (njia ya kubana sauti) inaitwa Opus na matoleo mengi ya Premiere Pro hayaisomi, ndo maana ukiimpoti inakuletea erro wakati kwenye simu inacheza freshi kabisa. Na naona kuna mtu amekushauri ubadilishe jina la faili tu kutoka .opus kwenda .mp3, usihangaike nayo hiyo, jina likibadilika kilichomo ndani kinabaki Opus vilevile na programu itakataa tu.

Kinachotakiwa ni kuikonvati iwe WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa. Kama una ffmpeg kwenye kompyuta (programu ya kukonvati sauti na video kwa komandi) andika hivi:

ffmpeg -i sauti.opus -ar 48000 sauti.wav

Hiyo 48000 ni sampo reti, yaani idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde, inayotumika kwenye video, ukiiweka hivyo inakaa sawa na taimlaini yako. Kama mambo ya kuandika komandi huyataki, fungua VLC, ile programu ya kuchezea video, ingia Media halafu Convert / Save, inafanya kazi ileile. Mimi naedit video za harusi na hizi salamu za ndugu walioko mbali huwa zinaletwa kwa WhatsApp, zote nazipitisha hapo kwanza kabla hata sijafungua projekti.

Ila WAV haitaongeza ubora, kama mtu alirekodi kwenye upepo utausikia upepo uleule, na faili litakuwa kubwa mara nyingi zaidi ya lile la mwanzo kwa hiyo usishtuke.