Jibu: Nimehamia Sinza, nitapataje saluni ya kuaminika?

Pole na kuhama, dada. Siku ya kwanza usiende kuweka dawa ya kulainisha nywele wala kusuka. Nenda kuosha na stimu (mvuke wa nywele) tu, ukae utazame. Msusi anachana kuanzia kwenye ncha akipanda taratibu, au anavuta tangu kwenye ngozi? Taulo ni safi? Ukiridhika, siku ya kusuka mpatane bei kabla hujakaa, na uulize kama rasta, yaani nywele za kuongezea, zimo kwenye bei hiyo. Jumanne asubuhi ni nzuri, Jumamosi wanaharakisha mno.

Na msusi akikaza nywele mno, sema hapo hapo! Mimi nilinyamaza kwa aibu, usiku nikashindwa hata kulalia mto, vipele vikatoka pembeni mwa paji, nywele za mbele zikanyonyoka. Mpaka leo hazijajaa.