Pete ya kizazi: josho, sala na saumu ya mwenye kuivaa

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mama wa miaka 50 na kitu, naishi Wete, Pemba, nimezaa mara 8. Kizazi kimenishuka muda mrefu. Nikisimama sana au nikinyanyua kitu kizito nahisi nyama inateremka mpaka nje. Daktari wa Unguja aliniwekea pete ya mpira laini ndani, nikapata nafuu kubwa. Lakini mwalimu wetu wa darsa amesema maadamu kuna kitu ndani ya tupu, josho la tohara halitimii, sala haisihi wala saumu, na kwamba niitoe nisubiri kwa kuwa maradhi ni kafara ya madhambi. Nimeitoa. Sasa hata kurukuu kunanishinda, na sala nyengine nimeziacha nikijiona sina tohara. Zile nilizosali nayo nazirudia kidogo kidogo. Mume wangu naye anasema pete ile ni haramu juu yake. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Irudishe pete yako, mama yangu. Kama ulifundishwa kuiweka mwenyewe, iweke usiku wa leo. Kama hukufundishwa, nenda hospitali wakuwekee. Josho lako lilikuwa sahihi, sala ulizosali nayo ni sahihi, na saumu ya mwanamke aliyepambaukiwa nayo haina kasoro. Dalili zinafuata, ila sikutaka ungoje mpaka mwisho ndipo upumue.

Mwalimu wako amesema maji hayafiki. Hayafiki wapi? Katika vitabu vyetu vya madhehebu ya Kishafii, mwanamke aliyekwisha kuingiliwa hulazimika kuosha kile kinachodhihiri anapochutama kwa haja, basi. Kilicho nyuma ya hapo ni batini, yaani sehemu ya ndani, wala josho halidai kioshwe. Pete hukaa juu, imeuzunguka mlango wa kizazi, na ikikaa sawasawa mwenyewe hata haihisi. Iko mahali ambapo maji hayakutakiwa kufika hata isingekuwepo.

Na hili la kwamba mtu hasali akiwa na kitu ndani ya tupu yake linanishangaza zaidi, kwa sababu wanavyuoni wetu wamemwamrisha mwenye damu ya istihadha, yaani damu isiyokuwa ya hedhi wala ya nifasi, afanye jambo hilo hilo. Anajiosha, anajitia pamba ndani, anajifunga kitambaa, anatawadha wakati ukishaingia, kisha anasali bila ya kuchelewa. Asili yake ni hadithi ya Hamna binti Jahsh, Allah amridhie, aliyemshitakia Mtume (s.a.w.) wingi wa damu yake, naye akamwelekeza kwenye pamba kwa kuwa inaondosha damu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Pamba ile imelowa damu, na damu ni najisi, na sala inasihi. Sasa pete iliyooshwa ikawekwa safi itabatilisha sala kwa kifungu gani?

Kwenye saumu mwalimu ana pa kushika, na haki yake nitampa. Madhehebu yetu ni makali hapa: kitu kinachoingizwa ndani kwa njia ya mbele mchana wa Ramadhani huharibu saumu, na ndiyo maana mwenye istihadha aliyefunga husamehewa kujitia pamba mchana. Lakini kinachoharibu ni kuingiza. Kukaa kwa kitu kilichoingia usiku hakuna hukumu yoyote. Daku tunayokula kabla ya alfajiri inabaki tumboni saa kadhaa baada ya adhana, na hatujamsikia mtu akituambia twende tukaitapike.

Je, mchana ikitokea kizazi kimeteremka ukakirudisha kwa kidole? Jawabu limo katika vitabu hivyo hivyo, na natamani mwalimu angezidi kufunua kurasa. Mashekhe wa Kishafii wamemzungumza mwenye bawasiri ambaye nyama ya makalioni humtoka: ikirudi yenyewe hafungui, na akiirudisha kwa kidole chake pia hafungui, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwa sababu amelazimika. Hali yako ni ndugu ya hali hiyo. Tena Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jedda mwaka 1997, lilikwenda mbali zaidi: dawa za kuwekwa ukeni, kusafisha uke, chombo cha kuchungulia na kidole cha mwenye kupima, vyote likavihesabu katika mambo yasiyofunguza. Kwa hiyo shughuli ya kuitoa, kuiosha na kuirudisha ifanye usiku, utakuwa umetoka kwenye khilafu ya wanavyuoni. Ikiwa miadi ya daktari imeangukia mchana wa Ramadhani na haisogezeki, ichukue kauli ya Baraza na ufunge siku yako kwa moyo mkunjufu.

Udhu nitausema kwa ufupi. Kuitoa pete kunavunja udhu, na kizazi kikitoka nje pia, kwani chenye kutoka katika njia mbili kinatengua. Josho hakuna. Ukiwa na majimaji yasiyokatika, hukumu yako ni ile ya mwenye istihadha niliyoitaja: udhu kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia.

Sasa nije kwenye neno lililonikera kuliko yote: "itoe, usubiri." Ni kweli maradhi hufuta madhambi. Nani amesema mtu hufutiwa kwa kuitupa dawa? Mtume (s.a.w.) amesema: "Jitibuni, enyi waja wa Allah." Na ipo hadithi katika Abu Daud ambayo kila anayekaa mbele ya watu kujibu maswali angeisoma kabla hajafungua mdomo. Mtu mmoja alikuwa safarini akapasuka kichwa kwa jiwe, kisha akaota akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu badala ya kuoga, wakamwambia hatukuoni na ruhusa. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema: "Wamemuua, Allah awaue! Mbona hawakuuliza wasipojua? Hakika dawa ya kutojua ni kuuliza." Wale walikuwa masahaba, na nia yao ilikuwa kuilinda tohara, kama anavyodai huyu mwalimu wako. Naye hakumwuliza daktari pete inakaa wapi, wala hakumwuliza mwanachuoni. Amemtoa mwanamke kwenye nafuu akamrudisha kwenye maumivu, na juu yake akamwachisha sala!

Na hebu tuseme maradhi haya yanatoka wapi, maana wapo wanaonong'ona kuwa ni chango la uzinifu au husuda ya mke mwenza. Misuli na kano zinazobeba kizazi, kibofu na utumbo wa mwisho hulegea. Hulegezwa na uzazi mwingi, na uchungu uliochukua muda mrefu, na umri baada ya hedhi kukatika, na kikohozi kisichopona, na choo kigumu, na mizigo. Wanawake wa Micheweni wanaotoka baharini na mwani mbichi hawahitaji kuelezwa mzigo ni nini. Sisi wanaume tunaofutu barazani tungebebeshwa polo moja tu la mwani uliolowa, na mimba ya mwezi wa sita, fatwa zetu zingelainika.

Mume wako mwonyeshe maneno haya. Umemzalia watoto 8, na udhaifu ulio nao sehemu yake imetokana na hao wanaomwita baba. Pete si haramu juu yake. Ikiwa ni ya duara iliyo wazi, kwa kawaida huweza kubaki wakati wa tendo la ndoa, na ikimsumbua yeyote kati yenu itolewe kisha irudishwe. Yako maumbo mengine ambayo lazima yatolewe kwanza, basi mwulize daktari lako ni lipi. Hana haki ya kukulazimisha kukaa bila ya dawa. Allah amesema: "Na kaeni nao kwa wema," na wema hauishi mwanamke anapougua.

Daktari mwanamke akipatikana ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, mwanamme anakutibu kwa kiasi cha haja, na mume au maharimu wako awepo. Haya isikuchelewesheni. Bi Aisha, Allah amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini yao, na dini hii ndiyo iliyotuamrisha kuulinda mwili.

Pete yenyewe inataka matunzo. Isisahauliwe ndani, maana ikiachwa miaka huchubua nyama na kuleta vidonda. Fuata tarehe ya kurudi uliyopewa. Ukiona damu, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu, au mkojo umeziba, usingoje tarehe: nenda hospitali ya Chake Chake au ya Mkoani, popote palipo karibu na usafiri. Mwulize pia daktari mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ile unayoikaza ukitaka kuzuia mkojo, na kama operesheni inakufaa. Na ndoo za maji wabebe vijana.

Kusali: pete ikikaa vizuri, simama, rukuu na usujudu kama kawaida. Siku ikikuuma, kaa. Imran bin Huswain, Allah amridhie, alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala, akamjibu: "Sali kwa kusimama, usipoweza, kwa kukaa, usipoweza, kwa ubavu." Imo katika Bukhari.

Zilizobaki ni zile sala ulizoziacha kwa kuambiwa huna tohara. Hizo zilipe kwa kadiri unavyoweza, pamoja na kila faradhi moja ya kulipa ukipenda, bila ya kujitesa. Ulizosali ukiwa na pete acha kuzirudia, hazina deni.

Wallahu aalam.