Umeolewa na Mchina? Uliza hukou yake iko wapi

Wadada wanaoolewa na Wachina hapa Guangzhou huniuliza kuhusu visa, cheti cha ndoa na uraia wa mtoto. Hukou ya mume hawaiulizi, nayo ndiyo itakayoamua mtoto asome wapi.

Hukou ni daftari la kaya linaloonyesha mtu ni mwenyeji wa wapi, na shule ya mtoto hufuata daftari hilo. Sheria yake ilitungwa mwaka 1958, na kwa miongo mingi iliwagawa Wachina mafungu mawili, watu wa kilimo na watu wa mjini. Mume wangu ni mtoto wa wakulima wa mkoa wa Hunan. Ujana wake wote ameutumia kwenye viwanda vya Guangdong, mkoa uliomo Guangzhou, lakini daftarini bado ni mwanakijiji. Tangu 1998 mtoto anaweza kuandikwa kwa baba au kwa mama. Kwa kuwa mimi ni mgeni na sina hukou, binti yetu aliandikwa Hunan, kijiji anachokiona tukienda kula Mwaka Mpya wa Kichina.

Kwa hiyo anzeni mapema kukusanya karatasi za kumpatia mtoto shule ya mjini, hata kabla hajazaliwa. Tangu Januari 2016, mtu aliyeishi mjini zaidi ya nusu mwaka, akiwa na kazi au makao ya kudumu, anaweza kuomba kibali cha ukazi. Mume akichukue, na akihuishe kila mwaka, maana kikipitwa na tarehe kinasimama kufanya kazi. Mwenye nyumba akikataa kuandikisha mkataba wa pango, tafuteni nyumba nyingine hata kama ni ya mbali. Mwajiri naye alipe bima ya jamii bila kuruka miezi. Guangzhou hupanga nafasi za shule za serikali kwa watoto wa wahamiaji kwa alama, na karatasi hizo ndizo zinazoleta alama.

Je, mume ahamishe hukou kabisa? Msimsukume. Shamba na kiwanja cha kijijini ndiyo akiba ya wazee wake. Serikali ilisema mwaka 2014 kwamba kuiacha ardhi kusiwe sharti la kupata hukou ya mjini, lakini mama mkwe wangu hataki hata kulisikia jambo hilo, na namwelewa.

Mwaka huohuo wa 2014 ilitangazwa kufuta majina ya “kilimo” na “mjini”, na mwaka 2019 miji yenye wakazi chini ya milioni 3 ikaagizwa kuondoa vizuizi vya kuhamishia hukou huko. Ni hatua nzuri. Ila kazi ziko kwenye majiji makubwa, na huko mlango bado ni mwembamba. Mwaka 2023 asilimia 66 ya Wachina waliishi mijini, lakini wenye hukou ya mjini walikuwa asilimia 48 tu. Kwangu mimi, mageuzi yatakuwa ya kweli siku mtoto atakaposoma na kufanya mtihani pale anapoishi na wazazi wake, bila kuhesabiwa alama za baba.

Hadi hapo, jambo moja nawasihi: msimpeleke mtoto kwa bibi “kwa muda tu” akifika sekondari. Ili afanyie gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, hapa Guangdong bila hukou ya hapa, lazima awe amesoma sekondari ya juu miaka yote 3 ndani ya mkoa, na kibali na bima ya mzazi viwe na miaka 3 pia. Beijing hata njia hiyo haipo.