Si kila kosa la mwanafunzi limetoka kwenye lugha ya mama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza sekondari moja hapa Tukuyu, na nipo mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya isimu matumizi. Mada yangu ni athari za Kinyakyusa katika uandishi wa Kiingereza wa kidato cha pili. Nimekusanya insha 60. Msimamizi amenirudishia kazi mara mbili, anasema sijathibitisha chochote. Kuna kijana Mbeya mjini anachambua data kwa SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu, kwa malipo. Nimpelekee?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimpelekee. Insha 60 ni mali ya kutosha. Kilichokukwamisha ni hilo neno "athari", umelitanguliza kabla hujafungua daftari hata moja.

Hapa Iringa napokea mapendekezo ya utafiti ya namna hii kila msimu: athari za Kihehe, athari za Kibena, athari za Kisafwa. Mtafiti anakuja amekwishamjua mkosaji, kazi iliyobaki ni kumtafutia makosa ya kumtwisha.

Chukua sentensi ambayo sina shaka unayo mle: "My father he is a farmer." Wengi wangeandika pembeni "Kinyakyusa", kwa kuwa kitenzi cha Kinyakyusa hubeba kiambishi cha mtenda, yaani kipande kinachomtaja anayetenda, na hiyo "he" ya ziada inafanana nacho. Ni kweli, hubeba. Ila Kiswahili nacho hubeba: ile "a-" katika "baba yangu analima". Na mtoto aliyepita shule ya msingi ya serikali amesomeshwa kwa Kiswahili miaka yote ile, Kiingereza kikiwa somo tu. Sasa hiyo "he" ameitoa kwa bibi yake au kwa mwalimu wake wa darasa la tatu? Insha peke yake haiwezi kukuambia.

Funua ukurasa wa pili: "He goed to Kyela", badala ya "went". Hapo Kinyakyusa hakimo kabisa. Watoto wa Uingereza wenyewe husema "goed" wakiwa wadogo. Mwanafunzi wako ameing'amua kanuni ya "-ed" ya wakati uliopita, akaivusha mpaka wake. Huyo anajifunza, Mwalimu, na kalamu nyekundu inamhukumu kana kwamba amerithi ugonjwa! Mwanaisimu Pit Corder alishaeleza mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga kichwani, na mwaka 1972 mwenzake Larry Selinker akaonyesha kuwa lugha ya mwanafunzi ina taratibu zake, si lugha ya mama wala lugha anayoilenga. Imani kwamba ukilinganisha lugha mbili utabashiri panapomtatiza mwanafunzi ni ya zama za mwanaisimu Robert Lado, 1957. Inaniuma kuona bado tunaanzia hapo, maana kinachoumia ni lugha zetu. Mtoto anaaminishwa kwamba Kinyakyusa ndicho kinachomfelisha, mzazi anaacha kukisema nyumbani.

Kwa hiyo badilisha swali: makosa gani yamo, na yapi kati yake yanaweza kuhusishwa na Kinyakyusa? Muulize kila mwanafunzi alianza kusema lugha gani, na nyumbani wanaongea nini. Tafuta insha za mada hiyohiyo kutoka kwa watoto wa mjini Mbeya waliokulia Kiswahili tu, na za wasema Kibena kule Njombe. Kibali cha huko kiombe mapema. Kosa likijitokeza kote, usilibandike Kinyakyusa. Halafu mrudishie mwanafunzi sentensi yake bila alama yoyote umwambie airekebishe. Akiirekebisha mwenyewe, ilikuwa kuteleza tu.

Kuamua "he" ile iwekwe fungu gani ni kazi ya anayewajua watoto wale. SPSS inahesabu mafungu uliyoyapanga wewe, haiyapangi. Hao vijana wa kuchambua data kwa malipo, na wale wa steshenari wanaouza mapendekezo yaliyokwisha kuandikwa, wanabadilisha jina la lugha na la wilaya basi. Nimewahi kusoma tasnifu ya Kihehe ambayo sura ya nne yote ilizungumzia wasema Kisukuma. Mwenye nayo alikuwa mwalimu mzuri, mwenye miaka mingi darasani. Mtahini alimnyooshea kidole sentensi moja, akamuuliza: aliyeiandika hii alikuwa mwanafunzi wa kidato gani? Mwalimu yule alinyamaza, kwa kuwa daftari lile hakuwahi kulishika.