Kabla hujachapisha dodoso, kakae kwenye kilula

Mleta mada, pole na majukumu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hela haijatoka. Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huko Kilosa. Mradi wao unahudumia kaya 640 hivi kwa vilula, yaani vituo vya kuchotea maji ya bomba kwa kulipia, makusanyo yameshuka mwaka mzima, na watu wengi wamerudi kuchota mtoni. Kamati imetenga shilingi 900,000, imeandika dodoso la maswali 42, na inataka vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wapite nyumba kwa nyumba. Anauliza kama dodoso linatosha au aitishe mkutano wa kijiji.

Mkuu, vyote viwili viweke pembeni kwanza. Hayo maswali 42 yameandikwa na wanakamati, watu ambao wao wenyewe wanachota na wanalipa. Mtu aliyeacha kuchota hajashirikishwa hata swali moja, na ndiye unayemtafuta.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililipwa posho nifanye kosa hilohilo. Mwaka 2014 nilikuwa mdodosaji kwenye mradi wa maji mkoani Singida. Swali moja nalikumbuka mpaka leo: "Kwa nini hutumii maji ya bomba?" Chini yake kulikuwa na majibu manne ya kuwekea tiki: bei kubwa, mbali, maji yana chumvi, mengineyo. Wengi waliniambia bei. Nikaweka tiki, nikashukuru, nikaenda nyumba ya pili. Sasa ndoo ya lita 20 ilikuwa shilingi 20. Waliosoma majibu yetu wakaona bei hiyo haiwezi kumshinda mtu, wakaandika kwamba wananchi hawana mwamko, na ikaandaliwa semina ya siku mbili ya kuwaelimisha kuchangia huduma. Semina ikaisha, watu wakaendelea kuchota walikokuwa wakichota.

Baadaye msimamizi wetu, mama mmoja mtulivu sana, akatutuma wawili tukakae tu kwenye kilula siku tatu. Tusiulize chochote, tuandike tunachokiona. Siku ya kwanza tulifika saa kumi na moja alfajiri, giza bado halijaachia. Akina mama walipita mbele ya kilula na ndoo zao, moja kwa moja hadi kwenye visima vya kufukua kwenye mchanga wa korongo. Kilula kilikuwa na kufuli. Mwenye ufunguo alifika saa moja na nusu, wakati watu wameshakwenda shambani. Saa mbili akaja binti na ndoo moja na sarafu ya shilingi 100. Mhudumu akamwambia, "Chenji sina, ongeza ndoo." Binti hana ndoo nyingine. Akaitazama ile sarafu kiganjani, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka na ndoo tupu kuelekea korongoni.

Sarafu za shilingi 20 pale kijijini zilikuwa zimeshapotea, na hata ya 50 ilikuwa ya kutafuta. Kwa hiyo bei ya kwenye karatasi ilikuwa 20, ya mkononi ilikuwa 50 au 100. Wale watu waliponiambia "bei" walisema kweli tupu. Dodoso langu halikuwa na nafasi ya kuuliza "bei vipi?", na mimi sikuthubutu kutoka nje ya karatasi. Tiba yenyewe ilikuwa daftari la kulipia kwa wiki na kufungua kilula alfajiri. Haikuhitaji semina.

Kwa hiyo wewe anza na kilichomo ofisini kwako. Una vitabu vya stakabadhi na usomaji wa mita wa kila kilula. Vitandaze mezani, mwezi kwa mwezi, kilula kwa kilula. Makusanyo kwa kawaida hayashuki sawasawa kila mahali. Angalia ni vilula vipi vilivyoanguka na vilianza mwezi gani. Hilo halina gharama yoyote, na litakuambia ukakae wapi. Kisha kakae, angalau siku moja ya kawaida na siku moja ya gulio, kuanzia kabla ya alfajiri mpaka magharibi. Andika nani kaja, kabeba nini, kaondoka na nini, na nani kapita bila kusimama.

Ukishaona, ndipo uzungumze na watu, na hapa uchague kwa makini nani unamkalisha na nani. Akina mama wakae peke yao, sita mpaka kumi, mahali walipozoea kukaa, saa ambayo hawana jiko wala shamba. Wanaume baadaye. Vijana wa mikokoteni na bodaboda wanaobeba madumu uwakalishe kivyao, maana wao wanajua kila kaya inayonunua maji na kwa shilingi ngapi. Wafugaji wafuate bomani kwao, usiwaite ofisini. Usiende na maswali zaidi ya matano. Anza na "hebu nielezeni maji ya jana yalipatikanaje", halafu nyamaza. Kimya kikiwa kirefu usikivunje wewe. Atakivunja mtu mwenye jambo.

Kuna jambo moja nililishuhudia ndilo lililonifanya niamini hivyo. Tulikuwa tunaambiwa tumhoji mkuu wa kaya. Nilimkuta mzee kakaa kwenye kigoda, nikamuuliza kaya yake inatumia ndoo ngapi kwa siku. Akasema tatu, bila kusita. Mkewe alikuwa pembeni anasuuza sufuria. Hakusema neno, ila aliinua mkono uliolowa maji akanionyesha vidole vitano, kisha viwili. Saba! Karatasi yangu iliandikwa tatu kwa sababu mhojiwa alikuwa mzee. Ukitaka habari za maji, muulize anayeyabeba.

Suala la nani anauliza lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Umeandika kwamba mmoja wa vijana wenu ni mtoto wa mweka hazina. Naomba sana umbadilishe. Mtu anayedaiwa hawezi kumweleza mtoto wa mweka hazina kwa nini halipi. Atasema "nitalipa mwezi ujao" na mlango utafungwa. Vivyo hivyo mjumbe asikae kwenye mazungumzo. Awatambulishe, aage. Mimi nimehoji watu ambao kila swali wanamtazama mjumbe kwanza usoni, ndipo wananijibu mimi. Na usiandike majina kwenye karatasi za maoni, tumia namba. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, mtu akijua jina lake limekaa kando ya neno "hajalipa" atahofia kukatiwa, na hakuambii kitu.

Mkutano wa kijiji nao una kazi yake, na ni kazi kubwa: kuamua na kupokea taarifa. Wa kuchimba sababu sio huo. Ukisimama mbele ya watu 300 ukauliza "nani ana shida na huduma ya maji?", watainuka walewale wanne wanaoinuka siku zote. Ukiuliza "tunakubaliana maji salama ni muhimu?", mikono yote juu, na umerudi nyumbani huna kitu.

Wakubwa humu mtaikumbuka Tume ya Nyalali. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliiunda chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka Bara na Visiwani kuuliza kama tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi. Takribani asilimia 80 walisema tubaki na kimoja. Kama kazi ingekuwa kuhesabu tu, ingeishia hapo. Lakini tume ilichukua na sababu za watu, ikaona kwamba wengi wa haohao waliotaka chama kimoja walitaka pia mambo yarekebishwe, ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilika. Wapo wanaobishana mpaka leo kama tume ilikuwa na haki ya kupendekeza tofauti na walio wengi, na ni hoja halali. Mimi nachochukua ni kwamba bila zile sababu, ile asilimia 80 ingetafsiriwa kuwa watu wameridhika.

Dodoso lako linakuja mwisho, na liwe dogo. Kwa wakati huo utakuwa umeshajua sababu nne au tano kwa maneno ya watu wenyewe, na dodoso litakusaidia kujua ni kaya ngapi zinaguswa na kila moja. Maswali 10 yanatosha. Usiulize "je, huwa unachota maji ya mto?" kwa sababu ni swali la aibu, mtu ataona unamwita mchafu. Uliza "jana maji ya kupikia yalitoka wapi?" Usiulize kipato cha mwezi kwa mkulima asiye na mshahara, uliza mahindi ya msimu uliopita yaliisha ghalani mwezi gani. Jaribisha kwa kaya tano za kitongoji ambacho hutakihoji, uone swali gani linawafanya watu waulize "unamaanisha nini?" Hilo liandike upya.

Wala huhitaji kaya zote 640. Chukua orodha za kaya kwa wenyeviti wa vitongoji, ziunganishe, anzia namba yoyote kati ya 1 na 8 kwa kuokota kikaratasi, kisha ruka nane nane. Utapata kaya 80. Ukipata kwamba nusu wanasema jambo fulani, ukweli utakuwa kati ya asilimia 40 na 60 hivi, na kwa uamuzi wa kubadili saa za kilula hiyo inatosha kabisa. Afrobarometer hufanya utafiti wa maoni kwa nchi yetu nzima kwa kuhoji watu 2,400. Siri ni jinsi walivyochaguliwa. Na kaya ikiwa haina mtu, rudi jioni. Ukichukua jirani aliyepo nyumbani, utajaza karatasi zako watu wasiokwenda shambani.

Kuhusu mchangiaji mmoja aliyependekeza hapo juu ukusanye maoni kwa kundi la WhatsApp: hapana, si kwa jambo hili. Walioacha kulipa kwa kukosa shilingi 50 hawamo kwenye kundi hilo. Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza, wanahoji kwa simu, lakini walipoanza 2013 walichagua kaya kwanza, wakazifuata zilipo, wakazigawia simu na chaja za sola. Wewe huna bajeti hiyo, una miguu.

Kwa ile laki tisa ningeigawa hivi: laki moja na nusu kwa watu wawili kukaa kwenye vilula, laki mbili kwa vikao vya makundi (chai na maandazi visikosekane, watu wameacha kazi zao), laki tatu kwa dodoso la kaya 80 pamoja na kurudia nyumba za jioni. Laki mbili na nusu iliyobaki usiiguse mpaka mkutano wa mrejesho, na tarehe ya mkutano huo itangaze siku unayoanza kukaa kilulani. Kule Singida hatukuwahi kurudi kusoma matokeo. Nilipita tena baada ya miaka miwili kwa shughuli nyingine, bibi mmoja akanitambua, akanikaribisha uji, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, ulituandika. Walisemaje?"